Sahani ya Mama Stefano

Vijana wa wodi ya kina mama waliniaga kwa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu nilisikia kwamba nilikuwa mpole. Sikuwa mpole. Waulizeni waliowahi kuacha sindano zikichemka mpaka maji yakakauka sufuriani. Lakini mtu anayeagwa ni kama anayezikwa, husemwa mazuri tu, basi nikala keki yangu nikanyamaza.

Tulipotoka nje, nesi mmoja mdogo, Rehema, alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Mama," akasema, "kuna mgonjwa wangu anapunguza mwili. Anakula kidogo, anafanya mazoezi kila asubuhi, lakini hana nguvu hata ya kufua kanga. Tumempima kila kitu, hatuoni kitu. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemuuliza anakula na nani," nikamjibu.

Rehema alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Gari lilikuwa linanisubiri na saa ya ukutani ilikuwa nzito, kwa hiyo sikumweleza. Namweleza sasa, yeye na wenzake. Mambo ya vyeo na mishahara siyaandiki, maana hayo mnayajua vizuri kuliko mimi.

Nilianza kazi Kibondo, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilizaliwa Manyovu, ambako leo mnakuita Buhigwe, kwa hiyo baridi ya milimani niliijua, ila ile ya Kibondo ilinikuta sina sweta. Nilifika juu ya lori, nimekaa kwenye magunia ya chumvi ya Uvinza, na gauni langu jeupe la kazi nilikuwa nimelikunja kwenye sanduku kwa uangalifu mkubwa. Niliposhuka nilikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa koti la kazi na makatambuga ya tairi, amechutama kwenye kibaraza akinoa sindano kwenye jiwe. Akaniangalia, akarudi kwenye jiwe lake.

"Mgonjwa au nesi?" akauliza.

"Nesi."

"Basi nawa, uje ushike pamba."

Huyo ndiye Mzee Komba, mganga msaidizi, Mngoni wa Songea aliyepangiwa kazi Kigoma kwa mwaka mmoja na kusahauliwa huko, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Siku ile nilishika pamba. Yeye alinoa sindano, akaipitisha kwenye pamba, ikitoka na unyuzi anarudi kuinoa, mpaka itoke safi. Nyinyi mnachana karatasi, mnachoma, mnatupa. Sisi sindano moja tulikuwa nayo kwa muda mrefu, tukaijua kama mtu anavyojua jembe lake.

Kitu kikubwa zaidi alichonifundisha hakikuwa na ncha. Waha tunasalimiana kwa kirefu. Mtu anainama, anapiga makofi taratibu, "mwakeye", kisha anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za shamba, na wewe unajibu na kuuliza vilevile, makofi yakiendelea. Wafanyakazi waliotoka mikoa mingine waliona ni kupoteza muda, foleni ndefu, watu wanapigiana makofi. Mzee Komba alikuwa na maoni tofauti. "Usimpime mtu kabla hajakusalimia," aliniambia. "Angalia anavyoinama, angalia anavyonyanyuka. Sikiliza pumzi yake inafika mpaka wapi. Mha akikata salamu katikati, huyo ni mgonjwa, hata kama amekuja kumsindikiza mwenzake." Nilicheka. Kisha akanionyesha mzee mmoja aliyeleta mjukuu mwenye upele, akakata salamu kwenye ng'ombe, na tulipomlaza tukamkuta na kichomi cha mapafu yote mawili. Sikucheka tena.

Baada ya miaka michache tulihamishiwa Kasulu, mimi na yeye, kwa barua mbili tofauti, na kila mmoja alijifanya amekasirika kumkuta mwenzake kule. Ilikuwa miaka ya mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya kazi, watumishi wote wa wilaya tulikimbia tukiimba, walimu, makarani, mabwana shamba, hospitali tukiwa nyuma kabisa na mimi nyuma ya hospitali. Nayasema haya ili mjue kwamba habari za mazoezi na kuchoka sikuzisoma kitabuni.

Mama Stefano alikuja kwetu mvua za vuli zilipokuwa zimeanza kushika. Alitoka kijiji cha juu, upande wa barabara ya Makere, mama mnene mwenye uso wa kucheka, na salamu yake ilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kuzipokea. Aliuliza mpaka habari za kuku wangu, nami sikuwa na kuku. Alikuwa na watoto watano, wa mwisho, Kizito, bado ananyonya. Na kwenye kitovu alikuwa na ngiri ya ukubwa wa embe, aliyokuwa ameifunga kwa kitenge siku zote kwa kuona haya.

Daktari wa upasuaji wakati ule hakuwa akikaa Kasulu. Alitoka mkoani, anakuja mara chache kwa mwaka, anapasua waliopangwa, anaondoka. Alimtazama Mama Stefano, akaibonyeza ngiri ikarudi ndani, akaiachia ikatoka. Akatuambia, mimi na Mzee Komba, kwa sauti ya chini lakini bila kuzunguka: kwa unene ule wa tumbo hawezi kushona mshono ukashika. Apungue kwanza, kilo kumi na tano hivi. Akirudi mvua za masika zikiisha, amkute amepungua, lakini amkute ana nguvu na damu ya kutosha, la sivyo hatampasua. Na katikati hapo asibebe mzigo wowote, kwa sababu utumbo ukinaswa kwenye ile ngiri wakati wa mvua, barabara ya Kigoma ikiwa tope, hapatakuwa na wa kumwokoa.

Nilimweleza kwa Kiha, polepole. Apunguze ugali uwe nusu, mawese yawe kijiko tu cha kuonja, atembee kila asubuhi. Mzee Komba akamsaidia kuhesabu kilo: "Ni debe la mahindi, pungufu kidogo. Utalitua hilo debe, mama, tena hulibebi kichwani, umelibeba mwilini."

Mama Stefano alisikiliza yote. Halafu akauliza jambo moja tu. "Nikipona, nitaweza kumbeba Kizito mgongoni? Kitenge kikikaza hapa naumia. Wenzake wote niliwabeba. Huyu anatambaa tu nyuma yangu kama mtoto wa jirani."

"Utambeba," nikasema. Nilisema kwa haraka kuliko nesi anavyotakiwa kusema, na tangu siku ile jambo lile likawa langu pia.

Sasa, mizani. Mizani yetu ya watu wazima ilikuwa imekufa springi. Ya watoto wachanga ilikuwa nzima, lakini haikuwa na faida kwa Mama Stefano. Mzee Komba akaenda kwenye ghala la ushirika, kulikokuwa na mizani kubwa ya kupimia kahawa. Msimu ulikuwa umekwisha na karani wa mizani alikuwa hana kazi ila kufukuza mbuzi. Akakubali kwa furaha. Mara ya kwanza Mama Stefano aliona haya kupanda pale yanapowekwa magunia. Karani, kijana wa Kiswahili wa pale mjini ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo, akavua kofia yake.

"Karibu, mama. Hapa pamepanda kahawa ya gredi ya kwanza tu."

"Na mimi ni gredi gani?"

"Wewe, mama, nikikuandika, wenye kahawa yao Bukoba nzima wataona wivu."

Akacheka mpaka mizani ikatikisika, karani akashindwa kusoma.

Mwanzo alishuka vizuri. Kila alipokuja siku ya gulio tulipanda naye ghalani, na lile jiwe la mizani likasogezwa nyuma kidogo, na sisi tukasimama pale tukishangilia kama watu waliofunga goli. Uso wake ulianza kuonyesha mifupa. Kitenge alikikunja mara moja zaidi. Mimi nilitembea wodini nikijisifu kimoyomoyo.

Kisha ukaja mwaka mpya na mambo yakageuka. Siku moja aliingia, akainama, akapiga makofi, akauliza habari za nyumbani, akanyamaza. Watoto hakuwauliza. Kuku wangu wasiokuwepo hakuwauliza. Alikaa kwenye benchi, na nilipomwita alikuwa amesinzia, mdomo wazi, katikati ya kelele za kliniki na Kizito akimvuta sikio.

"Nimechoka, nesi," akasema. "Nikisimama kunakuwa giza. Nasikia baridi jua likiwaka. Jana nilikaa chini njiani, nikashindwa kukumbuka naenda wapi."

Tukampima damu; ilikuwa imepungua. Malaria hakuna. Minyoo tulimpa dawa yake, vidonge vya damu tukampa. Wiki zilizofuata hakupata nafuu. Na jambo la ajabu, hata mizani iligoma, jiwe likakaa palepale. Karani akaishiwa utani. Huko kijijini watu walianza kusema: mtu anakauka hivihivi, kuna mkono wa mtu. Wengine walisema ni sisi, dawa zetu zinamnyonya. Masika yalikuwa yameanza kunyesha, na daktari angekuja yakiisha. Akimkuta vile angemrudisha nyumbani, na nilimwona wazi akirudi kijijini na ngiri yake na kitenge chake kilichofungwa kwa haya. Niliogopa. Nawaambia wazi kwamba niliogopa, kwa sababu siku hizi nawaona mnaficha hofu kana kwamba ni ugonjwa wa zinaa.

Mzee Komba alipanda kijijini kwa baiskeli, akarudi na tope mpaka kwenye nyusi.

"Chakula kipo," akaniambia. "Nimekaribishwa barazani na mume wake na wanaume wenziwe. Ugali wa muhogo mlima mzima, maharage, dagaa. Nyumba ile haina njaa." Akakung'uta makatambuga yake. "Lakini mimi nimekula barazani. Mgeni mwanamume anaona baraza tu. Wewe nenda jikoni."

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, asubuhi, bila gauni la kazi, nimevaa kanga. Kabla sijafika juu nilimkuta Mama Stefano kwenye mteremko, amekaa kando ya njia, jasho linamtoka. Kando yake palikuwa na mzigo wa kuni ambao mimi na uzima wangu nisingeunyanyua.

Nilisahau hata kumsalimia. "Mama Stefano! Mzigo? Hatukukukataza mzigo?"

Alinitazama kama aliyefumaniwa. "Mlisema nitembee, nesi."

"Kutembea! Mikono mitupu!"

"Mikono mitupu naenda wapi?" akauliza, na hakuwa akinibishia, alitaka kweli kujua. "Siku ya kwanza nilikwenda mikono mitupu. Watu walitoka nje kunitazama. Mmoja akanifuata kuuliza nani amekufa. Siku ya tatu wakasema nimerukwa na akili. Mwanamke anapanda mlima hana jembe, hana mtungi, hana kuni, anafika juu anageuka anarudi! Ningewaambia nini? Nikaona nichukue kuni, nipate sababu."

Nilikaa kando yake kwenye majani mabichi. Mimi ni mtoto wa milima ileile. Mama yangu hakuwahi kupita njia mikono mitupu hata siku moja, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo pale nilipomwambia atembee. Kuni zile tuliziacha palepale, nikamsindikiza nyumbani akiwa ameshika bega langu.

"Na uliondoka umekula nini?"

"Asubuhi? Hapana, mlisema nipunguze."

Jikoni alikuwepo mama mkwe wake, Bibi Tabu, kikongwe mwembamba mwenye macho makali, ambaye mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimemkataza ugoro kwa sababu ya kikohozi. Alinisalimia salamu yote mpaka mwisho bila kukosea hatua, na mapafu yake, kwa sikio langu, yalikuwa mazuri. Mchana chakula kikaiva. Cha wanaume kikapelekwa barazani. Chetu kikawekwa katikati ya mkeka kwenye sinia moja, tukazunguka, Bibi, watoto, mke wa shemeji, na mimi mgeni. Bibi Tabu akanawa, akakata tonge la kwanza, ndipo wote tukaingiza mikono. Hivyo ndivyo ilivyo.

Mama Stefano hakuwepo. Alikuwa nje, anaosha chungu. Kisha akawa anamnyonyesha Kizito mlangoni. Kisha akakumbuka mbuzi. Watoto wa milimani wanakula haraka, na lile sinia lilishuka mbele ya macho yangu kama maji ya bafu. Lilipobaki ukoko wa ugali na mchuzi wa maharage bila maharage, ndipo alipoingia, akanawa, akachutama pembeni, akamega mara mbili tatu, akalamba kidole.

"Nimeshiba," akasema.

Nilielewa vyote kwa pamoja. Tulimwambia ale nusu, na kwenye sinia la watu saba nusu ya mtu mmoja haina mpaka. Akitaka kuacha mapema, mama mkwe atauliza chakula kina kasoro gani. Akitaka apakuliwe chake peke yake, ndiyo vita. Basi akatafuta njia ya heshima: awe anachelewa. Alikuwa akichelewa mchana na jioni tangu siku ile ya daktari, akipanda mlima asubuhi na kuni kwa tumbo tupu, huku ananyonyesha. Mwili ungepata wapi nguvu? Ungepungua kwa kitu gani tena, wakati ulikuwa umeshajikunja kama konokono kulinda kilichobaki?

Watoto walipotoka nikamwambia Bibi Tabu, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu. Nikaeleza ngiri, daktari, mshono. Nikasema mkwe wake anahitaji uji asubuhi kabla hajanyanyua mguu, na sahani yake mwenyewe, yenye ugali wa kiasi cha ngumi, maharage mengi, kisamvu, dagaa, mawese kijiko.

"Sahani yake," akasema Bibi Tabu.

"Eego, Bibi. Ya kupimia."

"Mwana wanje, mwanangu, nisikilize. Sahani ya peke yake ni ya mwenye ukoma, au mwenye ugomvi. Katika nyumba hii amekuja akiwa msichana, amekula mkononi mwangu, watoto wake watano nimewapokea mimi. Leo nimtenge? Watu wakipita mlangoni wakaona, watasema Tabu amemchoka mke wa mwanawe. Na yeye mwenyewe atasema hivyo, usiku, akilala."

Mama Stefano alikuwa ameinamisha kichwa. "Sitasema hivyo, mama," akasema. "Lakini usinitenge. Nitavumilia hivi hivi."

"Hivi hivi vipi? Unachelewa kwa makusudi?" Bibi alimgeukia, na nikaona ndiyo kwanza analijua jambo lile. "Mimi nilidhani umenichoka. Kila siku nikikata tonge la kwanza naangalia mlangoni, hupo. Nikasema, basi, mkwe wangu hataki tena mkono wangu."

Bibi Tabu akachukua sinia tupu, akatoka nalo nje. Nilisubiri arudi anifukuze. Hakurudi. Nikateremka mlima nikiwa nimekata tamaa, nikamwambia Mzee Komba kwamba nimeona kila kitu na nimeharibu kila kitu. Akanipa sindano ninoe. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kupoza watu.

Siku ya gulio lililofuata Mama Stefano hakuja. La pili akaja, akainama mlangoni, akapiga makofi, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na nikasubiri mpaka akauliza habari za kuku.

"Wazima!" nikapaza sauti. Kliniki yote iligeuka.

Alinisimulia ghalani, akisubiri karani asogeze jiwe. Siku ileile niliyoondoka Bibi Tabu alikwenda kwa jirani akarudi na sahani mbili za bati, za maua. Jioni akapakua moja ya mkwe wake, kama nilivyosema, ngumi ya ugali na rundo la maharage. Akapakua ya pili, yake mwenyewe. Akawaachia watoto sinia. Akakaa na mkwe wake kando, bega kwa bega, mlango wazi. Jirani alipopita akachungulia, Bibi akamwambia, "Tumetengwa wawili. Karibu."

"Sahani yake anaijaza?" nikauliza kwa wasiwasi, maana kikongwe yule hakuwa na nyama ya kupunguza.

"Anajaza mpaka inamwagika. Ananiambia, wewe punguza, mimi nitaongeza, nyumba isipate hasara."

Uji ulikuwepo kila asubuhi. Kuni walipangiwa wanaume, ambao walipata tabu kidogo kujua zinapookotwa. Na kutembea?

"Mama ananituma dukani," akasema Mama Stefano, akiangalia pembeni. "Kila siku. Ugoro."

"Ugoro!"

"Wa kunusa mara moja, umefungwa kwenye kikaratasi. Hataki ninunue wa wiki. Anasema unakosa ukali. Kwa hiyo nashuka mpaka dukani, napanda. Mkononi nina kikaratasi tu. Watu wakiniuliza nasema ninatumwa na mama mkwe, na wananionea huruma."

Nilikasirika. Kikohozi kile nilihangaika nacho msimu mzima. Niliapa kwamba nikimwona Bibi Tabu tutazungumza.

Jiwe lilianza kurudi nyuma tena, taratibu, na safari hii wekundu wa damu ndani ya kope zake ukarudi pamoja nalo. Alipanda mlima wa ghala bila kushika bega la mtu. Daktari alikuja wakati magunia ya kwanza ya kahawa yameshafika, na Mama Stefano alipimwa kati ya gunia na gunia. Karani akatangaza uzito wake kwa sauti, wakulima waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi ingawa hawakujua wanampigia nini. Debe lilikuwa limetuliwa, vimebaki vibaba vichache. Daktari akamwangalia macho, akambonyeza tumbo, akasema, "Huyu kesho, wa kwanza."

Wakati wa upasuaji Bibi Tabu alikaa nje ya chumba, kwenye nyasi, miguu ameinyoosha. Nilitoka kumwambia kwamba mshono umeshika, mkwe wake anapumua vizuri. Alifunika uso kwa kanga kwa muda. Mimi pia nilihitaji muda, basi nikakaa kando yake, nikamgombeza.

"Bibi, ugoro nilikukataza."

"Ulinikataza, nikaacha."

"Na huo unaonunuliwa kila siku?"

Akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na vikaratasi vidogo, vimefungwa kama vilivyotoka dukani, vingi hata sikujaribu kuvihesabu, na alikuwa ameleta hivyo tu vya karibuni.

"Mimi sinusi," akasema. "Mimi natuma."

Nilimweleza Mzee Komba jioni. Alicheka peke yake mpaka akalazimika kuvua miwani, na akaacha kunoa kwa siku ile, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada.

Mama Stefano alipopona kabisa nilipanda kijijini kumkagua mshono. Alinilaki njiani, na sikumtambua kwanza, kwa sababu kulikuwa na kichwa cha pili juu ya bega lake. Kizito alikuwa mgongoni, amefungwa kitenge kikakaza, mkubwa mno kwa kubebwa, miguu inaning'inia mpaka kwenye mapaja ya mama yake, amelala fofofo. Alikuwa anajua kutembea siku nyingi. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Mchana tukakaa mkekani. Zile sahani mbili za maua zilikuwa zimetundikwa ukutani, zimeoshwa. Sinia likawekwa katikati, watoto wakasogea, na mimi nikaangalia mlangoni kwa mazoea. Lakini Mama Stefano alikuwa ameshakaa, wa pili kutoka kwa Bibi, mikono imenawa, anasubiri kama sisi wote mama mkwe akate tonge la kwanza, kama alivyolikata katika nyumba ile tangu alipokuwa mwenye nyumba.

Bibi Tabu alinawa. Akakausha mikono kwenye kanga yake, bila haraka, akaweka mikono magotini, akaiacha hapo.

"Anza wewe," akamwambia mkwe wake.